Hesabu Saa Zako Kwanza: Kwa Anayeanza Kazi ya Pembeni Kisumu

Vijana wanaoajiriwa hapa mjini wakishazoea mshahara kwa miezi miwili mitatu, huja na swali moja: "Dada, ni biashara gani inalipa?" Naomba swali hilo uliweke kando kwanza. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku hawezi kuchagua biashara kwa sababu tu inalipa. Anachagua ile inayoenea katika saa alizobakiza. Mimi ni karani wa stoo, upande wa viwandani, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiuza nguo za watoto na omena, wale dagaa wa ziwani, pembeni, na kuwajazia watu ritani za KRA, yaani taarifa za mapato zinazopelekwa kwa mamlaka ya ushuru. Wengi niliowaona wakikwama walikuwa na bidii, na mtaji walikuwa nao. Walijitwika kazi ambayo saa zake ziligongana na saa za mwajiri, na mwisho wake zote mbili zikaumia.

Ninajua kinachokusukuma. Ukiangalia hati ya mshahara, unaona akiba ya uzeeni ya NSSF imekatwa, bima ya afya ya SHA imechukua asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5, na ushuru wa mapato umefuata. Kilichobaki kinangojwa na kodi ya nyumba Manyatta au Mamboleo, nauli, na simu za nyumbani zinazoanza na "tumekukumbuka tu." Haja ni ya kweli. Ndiyo maana nataka uanze vizuri.

Chukua karatasi uandike wiki yako, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, saa kwa saa. Andika saa za kazi, za njiani, za kupika na kufua, za kanisani au msikitini, na za kulala. Usingizi usiupunguze kwenye karatasi ili hesabu ipendeze, maana mwili utaudai. Wengi wakimaliza kuandika hukuta wamebakiwa na saa moja na nusu au mbili za jioni, Jumamosi mchana, na kipande cha Jumapili. Hizo ndizo saa unazofanyia biashara. Kisha uangalie mji nao una saa zipi. Wanaouza chai na mandazi karibu na malango ya viwanda na maeneo ya ujenzi hufanya kazi yao alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi wameshamaliza. Kondele huchangamka watu wanapotoka kazini: mboga, samaki wa kukaanga, matunda, viatu, vyote vinatafutwa kuanzia saa kumi na moja jioni na kuendelea baada ya giza kuingia. Soko la Kibuye hufunguliwa wiki nzima, lakini siku yake kuu ni Jumapili, wauzaji wanapotoka mbali na wanunuzi pia. Ukiona saa zako zinakutana na saa za mji mahali fulani, anzia hapo.

Kwa kipimo hicho kazi nyingi zinazosifiwa zinaanguka zenyewe. Chukua vifaranga. Kila mtu atakwambia kuku wa kienyeji walioboreshwa wana soko, na ni kweli wana soko. Lakini kifaranga anahitaji joto karibu wiki tatu za kwanza, chanjo ya Newcastle yapata siku ya saba na ya Gumboro yapata siku ya kumi na nne, maji safi kila mara, na mtu wa kuamka stima ikipotea usiku. Kama mchana nyumbani hakuna mtu mzima unayemwamini, na ambaye utamlipa, kuku si kazi yako kwa sasa. Duka la M-Pesa nalo linataka mtu wa kukaa mlangoni mchana kutwa, na fedha za floti, zile za kuendeshea duka, zikiwa mikononi mwa mtu mwingine unalala jicho moja wazi. Pikipiki unayomkabidhi mwendeshaji ili akuletee hesabu kila siku inaonekana haina kazi, hadi utakapopigiwa simu ukiwa kazini kwamba imekamatwa, au tairi limepasuka, au mwendeshaji ameenda matanga Siaya.

Nikae kidogo kwenye nguo za mitumba, kwa sababu ndizo wengi wenu mnaanza nazo na hesabu yake ndiyo inayodanganya zaidi.

Tuseme umekwenda Kibuye Jumapili, umenunua nguo 12 za watoto kwa shilingi 100 kila moja. Hiyo ni 1,200. Unakusudia kuuza kwa 180, na kichwani umeshapata 960. Sasa tuifuate safari yenyewe. Nauli na boda ya kubeba mzigo, 200. Sabuni na makaa ya pasi, 60. Umezungusha nguo mtaani jioni tatu, zimenunuliwa 9, yaani shilingi 1,620. Ukiondoa 1,200 za ununuzi, 200 za usafiri na 60 za sabuni, umebaki na shilingi 160 na nguo tatu ambazo hazijapata mwenyewe. Ongeza sasa saa: tatu sokoni, mbili za kufua na kupiga pasi, tatu za kuzungusha. Saa nane kwa shilingi 160 ni shilingi 20 kwa saa. Hapo kifua hakijauma, mvua haijakunyeshea, na hujamkopesha mtu.

Mzigo huohuo unaweza kufanywa kwa namna nyingine. Kabla ya Jumapili, zungumza na watu unaokutana nao kila siku: wenzako wa zamu, mama mnayekaa naye ploti moja, wenye watoto unaosali nao. Uliza umri wa mtoto na anachohitaji. Sweta ya shule? Suruali ya miaka sita? Andika majina na saizi. Ukipata oda tisa, nenda ukanunue nguo tisa. Umetumia 900, umeuza zote kwa 1,620, umelipia usafiri 200 na sabuni 50. Umebaki na 470. Sokoni umekaa saa mbili kwa sababu unajua unachotafuta, umefua na kunyoosha kwa saa moja na nusu, na kupeleka kumekula nusu saa kwa kuwa njia ni ileile ya kurudi nyumbani. Saa nne. Hiyo inapita kidogo shilingi 117 kwa saa, na hakuna nguo inayokulalia chini ya kitanda.

Bei hizo ni za mfano tu. Soko litakupa zake. Nilichotaka uone ni kwamba bei ya kununua na ya kuuza hazikubadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni kumjua mnunuzi kabla ya kutoa hela. Muuza mitumba anayeshinda sokoni anaweza kufungua belo zima, ule mzigo mkubwa wa nguo uliofungwa, akauza kamera, yaani nguo bora, kwa bei ya juu asubuhi, zinazofuata mchana, na fagia, yaani mabaki, akaimalizia jioni kwa bei ya kutupa, kwa sababu yupo pale siku nzima. Wewe haupo. Usinunue belo. Nunua kamera chache kutoka kwa aliyelifungua, tena mapema asubuhi kabla wengine hawajachagua, na umzoee muuzaji mmoja au wawili hadi wakufahamu unachopenda. Akishakuzoea atakuwekea pembeni, na hiyo inaokoa saa nyingi kuliko ujanja wowote wa kupunguza bei.

Omena nayo ina kanuni yake, ambayo mgeni kutoka bara haijui. Huvuliwa usiku kwa taa, maana hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu na anga limeng'aa, taa hazina nguvu, samaki wanapungua na bei inapanda. Mwezi ukifa, wanaongezeka. Kati ya Aprili na Julai kuna kipindi cha kufunga uvuvi wake ili wazaliane, na miezi hiyo mvua za masika zikinyesha hata walioko hawakauki vizuri. Kwa hiyo anayeuza omena kwa oda, akipima kwa gorogoro au mkebe na kuwapelekea watu mtaani, anatazama mbingu kama anavyotazama kalenda ya mshahara. Nunua bei ikiwa chini, kiasi ambacho utakimaliza kwa wiki mbili tatu, ukikagua ukavu kwa kuvunja samaki mmoja mmoja: mkavu hukatika, mbichi hupinda. Pepeta mchanga nyumbani kabla ya kupima. Mteja akikuta mchanga kwenye sufuria hatakugombeza, atanunua kwa mtu mwingine tu na hutajua kwa nini. Wenzetu wenye asili ya Kakamega na Bungoma wanaokwenda nyumbani mwisho wa mwezi ni wateja wazuri sana, maana wanapenda kubeba kitu cha ziwani. Waulize Jumatano, upeleke Ijumaa.

Kama unajua kompyuta, usiidharau kazi ya ritani. Kila mwenye PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa ushuru, yenye wajibu wa ushuru wa mapato anatakiwa awasilishe ritani ya mwaka uliopita kati ya tarehe 1 Januari na 30 Juni, na aliyechelewa hupigwa faini ambayo kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Watu wengi husubiri hadi wiki ya mwisho ya Juni, ndipo mtandao unaelemewa na saiba, yale maduka ya intaneti, zinajaa hadi barabarani. Wewe anza Februari. Waambie watu wako mapema, fanya wawili watatu kila jioni, ukitoza pungufu kidogo ya saiba. Kazi hii haina mzigo wa kubeba wala kitu cha kuoza.

Lakini ina dhamana kubwa, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kuna watu huwajazia wafanyakazi ritani tupu, ile ya mtu asiye na mapato, kwa kuwa ni ya dakika tano. Mtu aliyelipwa mshahara mwaka ule ana fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri wake, inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, na ritani yake lazima ifuate fomu hiyo. Ukimjazia tupu umemwandikia uongo kwa jina lake, na mamlaka ya ushuru inaona makato ambayo mwajiri alishayapeleka. Usikubali hata akikuharakisha. Mwambie alete P9. Pia nywila yake isikae kwenye simu yako wala daftarini. Aiandike mwenyewe, na mkimaliza aibadilishe ukiwa umekaa naye. Nakala za vitambulisho zifute. Watu wamekukabidhi majina yao, na hakuna senti inayostahili kuchafua hilo. Ni kazi hiyohiyo itakayokuletea waombaji wa mkopo wa masomo wa HELB, wa vyeti vya tabia njema kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na wanaotaka wasifu wa kazi upangwe vizuri.

Kazi za mtandaoni zinazolipa kwa dola zipo, na nawajua watu wa Milimani na wa Maseno wanaozifanya kwa uaminifu: kunukuu sauti, kutafsiri, kuweka alama kwenye picha. Anayeanza kunukuu sauti ajue kwamba saa moja ya mazungumzo inaweza kumla saa nne hadi sita za kuandika, zaidi kama sauti ina kelele. Gawa malipo kwa saa hizo, ondoa bando, ndipo useme inalipa. Kuna mambo mawili nayakataa kabisa. Kwanza, yeyote anayetaka umtumie hela ya usajili, ya mafunzo au ya "kufungua akaunti" ili akupe kazi ni mwizi, hata kama ameletwa na binamu yako. Mwajiri hulipa, halipwi. Pili, kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu zao. Najua vyumba vingi vya wanafunzi hapa vimelipiwa kodi na kazi hiyo. Bado ni kumsaidia mtu apate cheti ambacho hakukisomea, na huwezi kuiandika kwenye wasifu wako wala kumweleza mwanao. Kijana mwenye uwezo wa kuandika hivyo anaweza kuandika kitu chenye jina lake.

Kubeti kwangu si kazi, kwa hiyo nakupita.

Mtaji usiukope kwenye simu. Mikopo ya siku saba au thelathini huanza kudai kabla nguo haijafuliwa. Ni afadhali uanze na kile unachoweza kukipoteza bila kukosa kodi ya nyumba, hata kama ni shilingi 1,000, au usubiri zamu yako kwenye chama cha kuchangiana. Ukishaanza, fedha za biashara zikae peke yake. M-Pesa ina Pochi la Biashara ambalo linapokea malipo ya wateja bila kuyachanganya na hela zako za nyumbani, lisajili. Mchanganyiko ndio unaoua. Unanunua unga kwa hela ya stoku, unajaza pengo kwa mshahara, na mwisho wa mwezi huwezi kusema kama biashara inakulisha au wewe ndiwe unayeilisha. Kila Jumapili jioni andika mistari minne: nilichotoa, nilichopokea, ninachodai, saa nilizotumia. Huo wa mwisho usiuruke.

Sasa madeni. Wateja wako wa kwanza ni wafanyakazi wenzako, na mfanyakazi ana neno moja: "Mwisho wa mwezi, omera," yaani ndugu yangu. Ukikataa wote, hutauza. Ukikubali wote, tarehe 5 utakuwa unazunguka ofisini kama askari wa kaunti anayedai ushuru wa soko, na urafiki umeisha. Njia iliyonifaa ni hii: oda inalipiwa nusu mbele, nusu ikifika. Anayelipa vizuri mara kadhaa anaweza kupewa hadi mwisho wa mwezi, kwa kitu kimoja tu, na hachukui kingine hadi amalize. Wote wanaijua, na haibadiliki kwa sababu ya sura ya mtu. Kwa mkubwa wako inahitaji ulimi laini zaidi. Mwambie, "Mama, mzigo huu ni wa watu, nusu yao wamenitumia tayari. Nikuwekee lini?" Hujamkatalia, na hujampa bure. Na ujumbe wa malipo usiuamini kwa kuonyeshwa simu ya mnunuzi. Angalia simu yako mwenyewe, angalia salio, kisha ndipo umpe mzigo. Jumbe bandia ni nyingi jioni giza likiingia na watu wana haraka.

Kazi yako ya kwanza uiheshimu. Isome barua ya ajira, sehemu inayozungumzia kazi nyingine na mgongano wa maslahi, kabla hujauza hata soksi. Mikataba mingine inataka umjulishe mwajiri kwa maandishi, mjulishe. Usiuze saa za kazi, usichape P9 za watu kwa wino wa ofisi, usimuuzie mtu anayeleta mali kwenye stoo unayoisimamia, wala usinunue kwake kwa bei ya upendeleo. Nimeona mfanyakazi mzuri akipoteza ajira ya kudumu kwa sababu ya kuuza maziwa ya mtindi saa nne asubuhi. Ajira hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlipia bima ya watoto na NSSF. Mtindi ungeweza kuuzwa saa kumi na moja jioni langoni.

Kwa upande wa serikali, ukiweka meza au kibanda, kaunti itataka kibali cha biashara, na sokoni kuna ushuru wa siku. Ukipika chakula cha kuuza, hata mandazi, nenda kwa afya ya umma upimwe upate cheti chako, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Mauzo yako yakipita shilingi milioni 1 kwa mwaka, unaingia kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3, na ushuru huo huhesabiwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Milioni 1 kwa mwaka ni karibu shilingi 83,000 kwa mwezi. Wengi wenu mtakuwa chini yake kwa muda mrefu, lakini ile mistari minne ya Jumapili ndiyo itakayokuonyesha unapokaribia.

Hesabu ya saa iangalie tena baada ya miezi mitatu. Kama unapata kwa saa pungufu ya anacholipwa kibarua wa mjengo, na hakuna dalili ya kupanda, ifunge hiyo uchukue nyingine, bila aibu. Kama inapanda, usikimbilie kuongeza bidhaa. Ongeza watu wanaokuletea oda, kwa mfano mwenzako wa kiwanda jirani unayempa shilingi 20 kwa kila nguo.

Jumapili hii, baada ya ibada, nenda Kibuye bila hela ya kununulia, ukiwa na nauli na daftari tu. Zunguka upande wa nguo, kisha wa nafaka na omena, kisha wa vyombo. Uliza bei ya kitu kilekile kwa wauzaji watatu. Uliza belo zinafunguliwa saa ngapi, na omena wa leo wametoka ufuo upi. Waambie ukweli kwamba unaanza na leo hununui. Wengi ni akina mama ambao nao walianza na kikapu kimoja, na watakueleza. Ukirudi nyumbani, andika majina ya watu kumi unaokutana nao kila siku, na mbele ya kila jina andika kitu kimoja ulichokiona ambacho mtu huyo angekinunua. Kesho yake waulize.